Baiskeli za Kijani Mbele ya Stesheni

Asubuhi ya kwanza baada ya wenzetu wenye asili ya Kasai kufukuzwa kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi Kolwezi, baiskeli za Kampuni zilikuwa zimeegeshwa vizuri kuliko siku nyingine yoyote niliyoiona kazini. Nilikuwa nimetumwa kwenda kuzikusanya stesheni kwa kamyo, lori la Kampuni. Watu walikuwa wamezitumia kubebea magodoro, masufuria na wazee wasioweza kutembea, na nilitegemea kuzikuta zimetupwa mtaroni magurudumu juu, kama tulivyozoea kuzikuta hata nyakati za amani. Zilikuwa zimesimama. Mstari mmoja kando ya ukuta mzima, usukani wa kila moja umegeukia upande uleule, pedali ya ndani imelazwa juu ya ukingo wa saruji ili baiskeli isiteleze. Waliozileta walikuwa wamekaa chini mbele yake, juu ya mizigo yao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Kati yao alikuwemo Tata Kabeya, fundi aliyenifundisha kazi. Mpaka leo sijui kama alikusudia kurudi. Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa naye kazini.

Nawaandikia ninyi vijana wa parki ya magari kwa sababu mliniuliza. Katika mwaka wangu wa mwisho kampuni mpya ilileta baiskeli za pamoja kwa wanaozunguka ndani ya kiwanda, kila moja na kufuli lake la namba. Wiki haikuisha zikaanza kuonekana zimelala nyuma ya vyoo, katikati ya njia ya magari, moja hata juu ya kifusi upande wa Kingamyambo, na namba ya kufuli imeandikwa kwa chaki kwenye fremu yake. Mkasema, "Mama Ngoie, bantu ba hapa beko na nini?" Ninyi ambao hamthubutu kuegesha gari bila kuliingiza kinyumenyume na kuweka koni mbele yake mlishangaa kwamba dereva huyohuyo, akishuka kwenye gari na kupanda baiskeli, anageuka mtu mwingine. Nilicheka nikasema nitaandika. Naandika sasa, kwa kuwa nina muda, na kwa kuwa nyumbani hakuna anayeegesha kitu.

Niliingia Kampuni nikiwa msichana. Baba yangu, Mprotestanti kutoka upande wa Kabongo, alikuwa karani wa ghala, na alidhani ananipeleka ofisini. Nilipelekwa kwenye banda la bati karibu na mlango mkuu wa kiwanda, ambapo baiskeli za kijani zilitengenezwa. Kwetu baiskeli ni kinga, na zile ziliitwa kinga za bote, kwa maana hazikuwa za mtu. Fundi umeme, mchukua sampuli, mlinzi wa pampu, kila mtu alichukua aliyoikuta, akaenda nayo hadi alikotumwa, akaiacha kwenye ratelie ya huko, yaani chuma chenye nafasi za kuingizia gurudumu la mbele. Anayefuata angeikuta hapo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibao. Kazi yangu ilikuwa kuzitafuta zile ambazo hazikuwa hapo.

Tata Kabeya alikuwa na bluzi ya kazi iliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na kitambaa cha kupanguzia mafuta alichokikunja kama leso ya kanisani. Aliniita mamu, kama watu wa kwao wanavyomwita mwanamke wa heshima, ingawa umri wangu ulikuwa wa binti yake. Siku ya kwanza hakunipa kazi yoyote.

"Mamu Ngoie, ikala hapa. Angalia ile ratelie mpaka saa ya kula. Usifanye kintu kingine."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaangalia. Alfajiri kulikuwa na baiskeli moja tu kwenye chuma, imepanguzwa inang'aa. Waliokuja baada ya king'ora walizisukuma zao zikaingia kando ya ile, moja moja, kwa utulivu. Kisha akaja fundi umeme mfupi aitwaye Kasongo, anakimbia, akailaza yake chini na kuingia ndani bila kugeuka. Aliyemfuata aliitazama ile iliyolala, akalaza ya kwake. Wa tatu hakutazama hata. Saa ya chakula kulikuwa na lundo, na ile ratelie nusu yake ilikuwa tupu.

"Umeona nini?" Tata Kabeya akauliza.

"Nimeona bantu bavivu, Tata."

"Apana. Uvivu ya muntu iko sawasawa, asubui na mangaribi. Juu ya nini asubui hawakukuwa bavivu?"

Aliniambia nirudi kesho nikaangalie tena. Nadhani hapo ndipo nilipoanza tabia niliyo nayo mpaka leo, ya kusimama mahali na kuangalia watu wakifanya jambo ambalo hawajui kwamba wanalifanya.

Jibu lake, lilipokuja, lilikuwa dogo. Kila alfajiri, kabla ya king'ora, alikuwa anazunguka na kusimamisha baiskeli moja kwenye kila ratelie, imeingia vizuri, imepanguzwa. Alisema mtu akifika mahali hafikiri pa kuweka kinga. Anauliza macho yake wengine wamefanya nini. Ukiitunza ile ya kwanza, inazungumza na watu mpaka saa nne. Baada ya hapo ni Kasongo.

Nilimuuliza Kasongo mwenyewe. Nilimuuliza kila mtu. Shefu wetu, mkuu wa banda, alipenda kusoma maelezo niliyomwandikia, na mimi nilipenda kuuliza.

"Mi sikuitupa," Kasongo alisema. "Niliiacha ipumuzike. Na yeye anatumika tangu asubui."

"Na kinga yako ya nyumbani, unaiachaka vile?"

"Ile? Ile inalala mu salon, mama. Bibi yangu njo analalaka mu kuluwari." Wenzake wakacheka sana, na mke wake aliyelazwa korido, niliyemjua, angecheka kidogo tu.

Lakini mambo ya kutupa yalikuwa rahisi. Kesi ngumu zilikuwa za viti. Mtu aliyepata baiskeli nzuri, isiyolia, yenye breki, hakutaka kuikosa wakati wa kurudi. Kwa hiyo alifungua kiti chake, akakitia kwapani, akaenda nacho kazini. Kinga isiyo na kiti hakuna aliyeigusa. Ilikuwa sheria ambayo hakuna kibao kilichoiandika: kiti kikitoka, maana yake mwenyewe anarudi. Niliona viti mezani kantini kati ya sahani za bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu. Niliona mwanaume aliyeletwa zahanati kwa malaria, hajui jina la mtaa wake, kiti kimekumbatiwa kifuani. Nesi alijaribu kukitoa akashindwa. Wezi tulikuwa nao, walichukua pampu, kengele, taa, lakini sikumbuki kinga isiyo na kiti kuibiwa kwa kuwekewa kiti kingine. Watu waliokuwa tayari kuvunja amri zote za Kampuni waliiheshimu hiyo moja, kwa sababu waliitunga wenyewe.

Tatizo likawa kwamba kila mtu aliondoka na kiti, na baiskeli nyingi zikabaki zimesimama siku nzima zikimngoja mtu mmoja. Wengine wakaanza kwenda kwa miguu huku wakizipita. Tukakaa kikao. Wazo la kuchomelea viti vyote lilitoka kwa Tata Kabeya, na kwa miaka mingi hakupenda kukumbushwa. Ingenieri alilikubali, shefu alilikubali, na mimi niliandika kwamba ni wazo zuri. Vikachomelewa. Wote tulisahau kitu kimoja, kwamba watu hawana urefu mmoja.

Kasongo alikuja bandani siku ya pili, baiskeli mkononi.

"Tata Kabeya, unapenda niendeshe kinga ao nipande muti?"

"Nyosha miguu."

"Nimenyosha tangu nizaliwe, Tata. Imefika hapa."

Wafupi walitupa baiskeli ndefu popote miguu ilipochoka kuning'inia. Warefu, ambao magoti yao yaligonga usukani, walizitupa karibu zaidi. Sijawahi kukusanya nyingi kama majuma yale. Tata Kabeya alikata mishono yote kwa msumeno, kiti kimoja baada ya kingine, na ile kelele ya chuma ilitutosha kuwa maelezo. Viti vikarudi kwapani. Alisema tu, akiwa anafunga kazi, "Muntu akipenda kurudia, umwache arudie." Nililichukua kama maneno ya kazi.

Kisha mambo yakaanza kuanguka. Mgodi mkubwa wa chini uliporomoka, na baada ya hapo ilikuwa kama kila kitu kilikuwa kimeegemea pale. Wanajeshi walipora maduka. Vinu vikapungua sauti. Usiku mtu alisikia mbwa wa kambi nyingine. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwepo, lakini mashine za kuutumia zilikuwa zinasimama. Ghala la baba yangu likabaki na karani na rafu tupu. Matairi hayakuja tena. Tuliyajaza matambara na majani makavu, na baiskeli ikipita ilitoa sauti kama mtu anayetembea katika mahindi.

Nilitegemea watu wazitupe zaidi. Wakaanza kuzificha. Niliziona nyuma ya mashine za kufulia, ndani ya mabomba yaliyokatwa, moja imepandishwa juu ya paa la stoo kwa kamba. Ukizitazama kutoka barabarani zilikuwa zilezile, kinga zilizolala majanini, na shefu mpya aliandika kwenye kibao neno lilelile, uzembe. Lakini mimi nilikuwa nimeangalia muda mrefu. Anayetupa wakati zipo nyingi ana haraka. Anayeficha wakati zimepungua ana woga. Vijana wangu, kabla hamjaandika jina la mtu kwenye kibao, mjue kwanza ni lipi kati ya hayo mawili.

Woga ule ulikuwa unatafuta mwenye makosa, na ukapewa. Watu wakubwa walianza kusema mikutanoni na redioni kwamba shida yote imeletwa na watu wa Kasai, kwamba wamekula kazi za wenye nchi, waende kwao. Vijana wakaimba hayo barabarani, pamoja na jina la wadudu ambalo silirudii hapa. Tata Kabeya alizaliwa kambi ya Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa na Kampuni kuchimba, akiwa kijana, kwa sababu wenye nchi wa wakati huo hawakuitaka kazi hiyo. Kasai yenyewe Tata Kabeya alikuwa ameiona mara moja, kwenye msiba, na alirudi akilalamika kwamba kule hakuna aliyejua kutengeneza breki.

Aliendelea kuja alfajiri. Asubuhi moja mtu alikuwa amemtangulia; baiskeli ya kwanza ilikuwa imelazwa mbele ya mlango mkuu na gurudumu limekanyagwa. Tulijua ni salamu. Aliiinua, akaanza kunyosha spoki moja moja. Kasongo alikuja akasimama karibu. Juma lile nilikuwa nimemwona kati ya waimbaji, mwishoni mwishoni, akifungua mdomo kama mtu asiyejua maneno ya wimbo.

"Tata, banasema mutaenda."

"Banasema wapi?"

"Mu kambi yote."

"Basi kambi inipatie ruhusa nimalize iyi tairi."

Kasongo alibaki amesimama. Mwisho akachukua upande wa pili wa gurudumu akalishika lisiyumbe, na walifanya kazi hivyo mpaka king'ora.

Walifukuzwa siku chache baadaye. Sitaeleza yale ya kambini, kwa sababu wengi wa waliofanya wako hai na watoto wao ni wenzenu, na kwa sababu mwenyewe nilikuwa nyuma ya dirisha langu lililofungwa, nikisikia milango ya majirani. Nitaeleza niliyoyaona kazini.

Shefu alisema baiskeli za Kampuni ziko stesheni, nizirudishe kabla hazijapotea. Nilikwenda na dereva wa kamyo, na Kasongo wa kupakia. Tata Kabeya alikuwa amekaa mwanzo wa mstari, karibu na nguzo, na mke wake Mama Meta amenyosha miguu iliyovimba juu ya furushi.

"Mamu Ngoie," alisema, "umekuya kukamata siye ao kukamata kinga?"

"Kinga, Tata."

"Muzuri. Kinga hazina makosa."

Niliutazama ule mstari. Sikuweza kujizuia, niliuliza kama nilivyouliza miaka yote. "Nani alizipanga?"

"Hakuna muntu."

"Tata."

"Mi nilifika wa kwanza. Nilisimamisha yangu. Bengine balikuya nyuma."

Mama Meta akasema, "Muone bwana yangu. Mi niko natafuta fasi ya kulala, yeye eko anapanguza kinga. Nikamuuliza, inaenda ku harusi?" Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, na kicheko kile katika mahali pale kiliniumiza kuliko kilio. Mmoja wao, aliyekuwa akinyonyesha, akasema bila kucheka, "Batasema tulikuwa bezi. Basi bakuje bahesabu."

Hilo sikuliandika popote, maana shefu mpya hakuuliza sababu. Lakini nililisikia, na nimelitafakari. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetafuta kitu kitakachomfanya mtu aiegeshe vizuri kinga ambayo si yake na ambayo hataipanda tena. Nilidhani ni chuma bora, au kibao, au adhabu. Pale walikuwa na ukuta wa stesheni tu, na mtu mmoja aliyefika wa kwanza.

Kasongo aliichukua ya mwisho wa mstari akairusha juu ya kamyo, na mlio wake ulifanya watu wote wageuke. Iliyofuata aliiinua kwa mikono miwili akaiweka.

"Tata, mi niko natumwa tu," alisema alipofika karibu na nguzo.

"Najua. Hata treni iko inatumwa." Kisha akanigeukia. "Iyi ya kwanza uniachie, mamu. Mayi iko mbali, na miguu ya mama haitembei."

Nilimwachia. Tukaondoka, baiskeli zimesimama ndani ya kamyo, Kasongo amezishika kama mtu anayesafirisha vioo.

Treni haikuja siku ile, wala majuma yaliyofuata. Baada ya kazi nilikuwa napeleka bukari na sombe. Jirani yangu aliniuliza, kwa sauti ya kusikika ua mzima, ni tangu lini nimekuwa Mkasai. Nilimjibu tangu sufuria ilipoiva. Stesheni watu walikuwa wamejenga vibanda vya mashuka, na nyuma ya ghala makaburi madogo yalikuwa yameanza. Katika hayo yote, kinga ile ilikuwa ikitoka na madumu na kurudi, ikiwabebea maji watu wa vibanda vingi, na kila iliporudi iliegeshwa palepale karibu na nguzo. Ilikuwa kinga ya bote kweli, kwa mara ya kwanza nadhani.

Tuliongea mambo ya kazi. Hakutaka mengine.

"Asubui, nani anasimamisha ya kwanza?"

"Ni mimi, Tata."

"Na bengine?"

"Banaifwata." Sikumwambia kwamba bengine walikuwa wachache kiasi gani, na kwamba kwenye ratelie ya mlango mkuu nafasi tupu zilikuwa nyingi kuliko magurudumu. Alijua. Wenye nafasi hizo alikuwa amekaa nao palepale ukutani.

"Usichoke," alisema. "Ukichoka siku moja, Kasongo njo atakuwa shefu."

Niliahidi kurudi kesho yake na chumvi, ambayo Mama Meta aliiomba. Kesho yake treni ilikuja nikiwa zamu. Tuliisikia kutoka bandani. Nilipofika, na chumvi mfukoni, ukuta ulikuwa mtupu; majivu, mashuka yaliyochanika, kiatu. Kinga ya Tata Kabeya ilikuwa imesimama karibu na nguzo, usukani umegeuzwa, pedali juu ya ukingo, fremu imepanguzwa, madumu mawili matupu yamepangwa chini yake.

Haikuwa na kiti.

Niliuliza. Mchukuzi mmoja wa stesheni alisema vijana waliingia mara tu treni ilipoondoka na kuokota kila kitu. Lakini madumu, ambayo yana faida kuliko kiti, waliyaacha? Muuza karanga alisema labda kimeuzwa kwa sabuni. Askari alisema hakuona kinga yoyote, akiwa ameiegemea. Nilitazama lile bomba la kiti. Nati ya kufungia ilikuwa imerudishwa na kukazwa kwa mkono. Hivyo ndivyo Tata Kabeya alivyofanya. Ndivyo pia alivyowafundisha nusu ya watu wa kiwanda.

Yaliyofuata mnayajua, maana mlizaliwa ndani yake. Kampuni ilivunjika vipande. Ilipofika wakati wa kuwapa watu vitu mahali pa mishahara, wenzangu walichukua makabati na viyoyozi. Mimi niliomba ile baiskeli ya kijani isiyo na kiti, niliyoirudisha bandani kutoka stesheni, na karani alinihurumia. Baadaye sana, watu wa mtaa wa Kasulo walipoanza kuchimba chini ya vyumba vyao wenyewe, niliziona fremu nyingine za kijani zimeibuka, zinasukumwa na magunia ya kobalti hadi kwa wanunuzi. Nilisimama nikaangalia, kama kawaida yangu. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwa uangalifu mkubwa, mnyororo umefungwa kwenye nondo za dirisha. Sasa zilikuwa na wenyewe. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Nilifanya kazi parki mbalimbali mpaka mkanipokea ninyi. Popote nilipokuwa, nilifika kabla ya wengine nikasimamisha ya kwanza, hata ilipokuwa gari. Kama mnataka ushauri kuhusu zile baiskeli zenu, ni huo, na kufuli mnaweza kuliuza.

Baadhi ya watu wa Kasai walirudi, hali ilipotulia. Wengine ni mameneja wenu. Kila niliyemjua nilimuuliza. Mmoja, aliyekuwa ghalani na baba yangu, alisafiri kwenye behewa la Tata Kabeya. Alisema mzee alikuwa amekaa sakafuni, na magotini ana kitu kimefungwa kwenye kitenge cha mkewe, na hakukiweka chini hata waliposukumana.

"Kilikuwa kiti ya kinga?" nilimuuliza.

"Mama, ingekuwa kiti. Ingekuwa pia sufuria ndogo. Nani alikuwa na nguvu ya kuuliza?"

Tata Kabeya na mkewe walishuka kabla ya mtu huyo, kwenye stesheni ambayo jina lake hakuliona kwa sababu ya watu mlangoni. Mama Meta alikuwa anatembea, ameshikiliwa.

Nikihesabu umri wa Tata Kabeya, najua ninachopaswa kukifikiri. Hata hivyo kinga iko barazani kwangu, imesimama, na bomba la kiti nimeliziba kwa kitambaa ili mvua isiingie. Kasongo, ambaye sasa ni mzee mwenye fimbo na bado hafiki chini akikaa kwenye kiti changu kirefu, ameniletea kiti kipya cha baiskeli, cha ngozi, kizuri.

"Uiweke, mama. Batoto ba mutaa bapande."

"Iko na mwenyewe, Kasongo."

"Na kama ni bezi njo balikibeba?"

Nilimwambia hilo nalo nimelifikiria. Kiti chake nimekiweka juu ya kabati. Nimewauliza waliorudi, wachukuzi, askari, wauza karanga, na wale vijana walioimba, ambao sasa wana mvi. Sijampata hata mmoja aliyeona kiti kile kikitolewa.